Kuanza gemu ya vifaru ya uhalisia: mwongozo kwa anayeanza kutoka sifuri

Maswali ni yale yale kila mara. Nianze na kifaru kipi? Mbona napigwa kabla sijamwona mtu? Mbona nimelenga katikati kabisa na risasi imepita juu? Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo majibu nimeyapanga hapa kwa utaratibu ambao unaweza kuufuata tangu unapomaliza kupakua gemu hadi unapoongoza kikosi kizima.

Elewa kwanza unaingia wapi. Gemu hizi hazina mstari wa uhai juu ya kifaru. Risasi moja ikiingia pabaya, umekwisha. Na nyingine kumi zikigonga chuma kinene huenda zisikufanye lolote zaidi ya kukupigia kengele masikioni. Hakuna alama nyekundu juu ya adui, hakuna sauti ya kukuambia umeonekana. Wanaotoka kwenye gemu za vifaru za mbiombio huja na mkono mwepesi na macho mavivu, ndiyo maana wanateketea. Ustadi mkubwa humu ni kuona, na mtu huona vizuri kifaru kikiwa kimesimama. Kwa hiyo tutaanza na darubini. Kuendesha kutakuja baadaye sana, na najua hilo litawaudhi wengi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta inayoendesha gemu bila kukwamakwama hata ukiwa umevuta picha kwa darubini. Jaribu hapo hasa, maana picha ya kawaida inaweza kuwa laini na ya darubini ikawa ya kusuasua.
- Kipanya chenye gurudumu, na nafasi ya kutosha mezani kukisogeza taratibu. Joystiki ni hiari, usinunue sasa.
- Vipokea sauti vya masikioni. Mpakiaji anapotangaza kwamba risasi iko tayari, usipomsikia utabonyeza kitufe bure.
- Kalamu na karatasi. Utaandika vitufe, na baadaye umbali.
- Kitabu cha maelekezo cha gemu yenyewe. Usikisome chote. Soma sura ya kifaru ulichochagua, basi.

Hatua ya 1: Chagua gemu moja na kifaru kimoja

Zilizopo si nyingi, na kila moja ina tabia yake.

Gunner, HEAT, PC! inaigiza vita vya kubuni nchini Ujerumani mwaka 1985, kati ya vifaru vya Marekani kama M1 na M60A3 na vile vya Kisovieti kama T-72 na T-55. Unacheza peke yako dhidi ya kompyuta. Kiti cha mpiga mzinga kimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa, mambo mengine yamerahisishwa. Kwa anayeanza, hapa ndipo ningemwelekeza kwanza.

Steel Beasts Pro ya eSim Games ni kitu kingine kabisa. Toleo la kwanza la Steel Beasts lilitoka mwaka 2000, na hili la Pro hutumiwa na majeshi kufundishia wanajeshi wao. Sura yake ni kavu, kitabu chake ni kinene, na ramani yake inakudai ufikiri kama ofisa. Ni bora kuliko zote kwa kina, lakini ukianza nayo bila kujua leza inafanya kazi gani, utaiacha ndani ya wiki.

War Thunder ni ya bure, na ndani yake kuna mapambano ya aina ya uigaji ambamo huoni kifaru chako kwa nje wala alama juu ya adui. Tatizo lake ni kwamba unapambana na watu, na watu hawakusubiri ujifunze. Itumie kama mfuko hauruhusu nyingine, ukianzia kwenye majaribio ya gari ambako shabaha hazikupigi.

Sasa kifaru. Chagua chenye leza ya kupima umbali na kompyuta ya kulengea: M1 au Leopard 2. Kuna wanaoshauri kuanza na kifaru cha zamani ili ujifunze kwa shida. Sikubaliani nao. Anayeanza ana mambo mengi ya kushika kwa wakati mmoja. Mwondolee hesabu ya umbali, abaki na kutafuta, kutambua na kupiga. Hesabu atarudi kuijifunza akiwa ametulia, na iko kwenye hatua ya 6.

Ukishachagua, kaa na kifaru hicho. Anayebadilisha kila siku hujua vitufe vya vifaru vingi na hawezi kupiga kwa hata kimoja.

Hatua ya 2: Panga vitufe vichache tu

Menyu ya vitufe itakutisha, ipite. Unachohitaji sasa ni hivi: kubadili kiti, kuvuta na kurudisha darubini, kupiga leza, kufyatua, kuchagua risasi, kufuta hesabu ya kompyuta, kuwasha darubini ya joto (ile inayoonyesha joto la vitu badala ya mwanga), kusimamisha gari, rivasi, na mabomu ya moshi. Viandike kwenye karatasi, uibandike chini ya skrini.

Halafu punguza kasi ya kipanya hadi uone kero. Darubini ya M1 ina ukuzaji wa mara 3 na mara 10. Kwenye mara 10, kasi uliyoizoea kwenye gemu za bunduki itakurusha kutoka kwenye shabaha hadi msituni kwa mguso mmoja. Zima pia mpangilio wa kipanya unaoongeza kasi kadiri mkono unavyokimbia.

Onyo: usihamishe vitufe vyote vifanane na gemu nyingine uliyoizoea. Kila maelezo utakayosoma yanataja vitufe vya awali.

Hatua ya 3: Kaa kwenye kiti cha mpiga mzinga, gari likiwa limesimama

Fungua uwanja wa mazoezi ya shabaha. Kama gemu haina, tengeneza misheni yenye vifaru vichache vya adui vilivyosimama na visivyopiga. Usiguse vitufe vya kuendesha. Kazi ni kurudia mlolongo huu mpaka mkono uujue wenyewe:

1. Tafuta kwa ukuzaji mdogo. Pitisha darubini taratibu kutoka karibu kwenda mbali, kushoto kwenda kulia. Unatafuta mstari ulionyooka mno kuwa wa mti, kivuli chenye pembe, au vumbi linalojisogeza.
2. Ukishuku kitu, vuta hadi ukuzaji mkubwa na utambue. Ni kifaru? Ni cha nani? Pua imeelekea wapi?
3. Hakikisha risasi iliyo mzingani ndiyo iliyochaguliwa kwenye kompyuta.
4. Weka alama ya kulengea katikati ya kile unachokiona, piga leza.
5. Soma namba. Hapa ndipo wengi hupita kama hawapo.
6. Rudisha alama katikati kama ilisogea, fyatua.
7. Usiondoe jicho. Fuata mwanga wa risasi uone imeangukia wapi.

Namba ya leza nairudia kwa makusudi. Kifaru kipo nyuma ya kichaka, juu kidogo ya majani unaona tareti, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga. Unapiga leza, namba inakuja 340. Kwa macho kabisa unaona kile kitu kiko zaidi ya kilomita moja. Leza imegonga kichaka, na kompyuta, kwa utiifu wake, itauinua mzinga kwa ajili ya mita 340. Risasi italima ardhi. Piga leza tena juu zaidi kidogo, kwenye chuma tupu, mpaka namba ikubaliane na akili. Kinyume chake pia hutokea: alama imepita juu ya tareti, leza imegonga kilima cha nyuma, namba ni 2,600, risasi inapaa juu ya kichwa chake.

Na ukikosa, usibadilishe mahali pa kulenga kwa kubahatisha. Piga leza upya. Leza huchukua kufumba na kufumbua, risasi ya pili iliyopotea itakugharimu kama sekunde sita za kupakia.

Endelea na hatua hii mpaka upige tisa kati ya kumi kwenye shabaha zilizosimama kati ya mita 800 na 2,000. Usiende mbele kabla ya hapo.

Hatua ya 4: Jua risasi tatu

Nadharia ni fupi. Risasi ya mshale, inayoandikwa APFSDS, ni chuma chembamba kinachotoka kwa kasi kubwa. Ile ya mzinga wa milimita 105 wa M1 hutoka kwa kama mita 1,500 kwa sekunde. Hutoboa kwa kasi hiyo, kwa hiyo kadiri umbali unavyokua nguvu inapungua kidogo. Ndiyo ya kifaru kwa kifaru. Risasi ya HEAT hutoboa kwa mlipuko wake, haijali umbali, lakini ni ya polepole zaidi na huinuka na kushuka kwa upinde mkubwa hewani. Itumie kwa magari mepesi na majengo. Ya tatu ni ya mlipuko wa kawaida, kwa askari wa miguu. M1 ya mwanzo hutumia HEAT kwa kazi hiyo pia.

Kumbuka tu kwamba kompyuta haijui kilicho ndani ya mzinga. Inajua ulichoichagulia. Ukichagua HEAT huku mshale ndio umepakiwa, itainua mzinga kwa ajili ya risasi ya polepole na mshale utapita juu. Ukifanya kinyume, HEAT itaanguka mbele ya shabaha. Ukibadili risasi vitani, hiyo iliyomo mzingani itoke kwanza. Kwa kawaida njia rahisi ya kuitoa ni kuipiga.

Wapi pa kupiga? Mwanzoni, katikati ya kinachoonekana. Ukizoea, ubavu kabla ya mbele kila inapowezekana. Ubavu wa kiwiliwili cha T-72, yaani ule mwili wa chini usiozunguka, ni chuma cha kama milimita 80, na nyuma yake, sakafuni, limepangwa gurudumu la risasi 22 za mashine ya kupakia. Huhitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 5: Shabaha inayotembea

Kifaru kinachokwenda kilomita 20 kwa saa husogea karibu mita 5.6 kila sekunde. Kikiwa mita 1,500 kutoka kwako, risasi ya mshale huchukua sekunde moja na ushee kufika. Maana yake ukilenga katikati, risasi itafika mahali kilipokuwa, nyuma kwa karibu urefu wa kiwiliwili chake.

Kwenye M1 kompyuta hukutangulizia mzinga mbele ya shabaha, ila inasoma mwendo wa tareti yako. Kwa hiyo mfuate adui kwa mkono uliotulia kama sekunde moja na nusu hadi mbili, alama ikiwa imeganda katikati yake, ndipo upige leza, endelea kumfuata bila kusita, fyatua. Ukimfuata kwa kudonadona, kompyuta itachukua mdono wako wa mwisho na kuufanya kasi ya adui.

Baada ya kupiga, futa hesabu. Hili ndilo kosa la wanaoanza kuliko yote kwenye hatua hii: hesabu ya kutangulia hubaki ndani, unageukia kifaru kilichosimama, unapiga, risasi inapita mita tano kando, unalaumu gemu.

Kwenye T-72 za miaka hiyo ni tofauti. Umbali wa leza huingia kwenye darubini, lakini kutangulia ni kazi yako, ukitumia vialama vya pembeni. Hilo liache kwanza.

Hatua ya 6: Kupima umbali bila leza

Leza huharibika, na siku moja utataka kukaa ndani ya T-55. Darubini nyingi zina vialama vya mili, kipimo kidogo cha pembe. Kanuni ni moja:

umbali kwa mita = ukubwa wa kitu kwa mita × 1,000 ÷ mili

T-72 ina upana wa kama mita 3.6. Ukimwona uso kwa uso na amejaza mili 3, basi 3.6 × 1,000 ÷ 3 ni mita 1,200. Umemaliza.

Mtego uko kwenye kona. Kifaru kilichokaa kiupande huonekana kipana kuliko mita 3.6, utahesabu mili nyingi, utapata umbali mfupi kuliko wa kweli, na risasi itaanguka mbele yake. Akikaa hivyo tumia kimo: T-72 ni kama mita 2.2 kutoka ardhini hadi juu ya tareti. Mili 2 za kimo ni mita 1,100.

Darubini za Kisovieti hukurahisishia kwa mstari ulionyooka na mwingine uliopinda juu yake: unakalisha kifaru kwenye ule ulionyooka na kusoma namba pale kilele cha kifaru kinapogusa ule uliopinda. Mstari huo umekadiriwa kwa shabaha yenye kimo cha mita 2.7. M1 ni kama mita 2.4 tu, kwa hiyo iliyo mita 1,000 utaisoma kuwa 1,100 hivi na kupiga juu. Shusha kidogo.

Ukiwa huna muda kabisa, weka umbali wa mita 1,200 kwa risasi ya mshale na ulenge katikati. Mwendo wa mshale umenyooka kiasi kwamba chochote kilicho karibu ya hapo kina nafasi kubwa ya kupigwa. Wapiga mzinga wa Abrams, yaani M1 hiyo hiyo, hutumia namba hiyo hiyo leza inapokataa.

Hatua ya 7: Hamia kiti cha kamanda

Sasa ndipo gemu inaanza. Kamanda ana kazi ya kuona kabla ya kuonwa, na kichwa chake kiko juu kuliko kitu chochote kwenye kifaru. Fungua mfuniko, toa kichwa nje, tazama kwa macho ya kawaida, halafu kwa darubini ya mkononi. Wanaoanza hujifungia kwenye darubini ya mpiga mzinga, na dunia yao nzima inakuwa duara dogo lenye nyasi.

Gawa unachokiona kwa namba za uso wa saa, 12 ikiwa pua ya kiwiliwili. Kabla ya kila tendo jua mambo mawili: kiwiliwili kimeelekea wapi, na tareti imeelekea wapi. Ukisahau la kwanza, amri ya rivasi itakupeleka ubavu wazi mbele ya adui. Gemu nyingi zina kielelezo kidogo pembeni kinachoonyesha vyote viwili. Kitazame mara nyingi kuliko unavyotazama ramani.

Mambo machache ya kutafuta. Kikosi kidogo cha vifaru vya Kisovieti huwa na vifaru vitatu. Ukihesabu viwili, cha tatu kipo, na pengine ndicho kinachokutazama. Kombora la kuongozwa huacha moshi na vumbi mahali lilipotokea. Malyutka, la zamani, huruka kwa kama mita 120 tu kwa sekunde, kwa hiyo likirushwa kutoka mita 2,400 una karibu sekunde 20 za kurudi nyuma ya kilima. Ni muda mrefu sana kwa anayejua la kufanya.

Kuhusu moshi: ukiwa na darubini ya joto na mwenzako hana, moshi wa kawaida ni rafiki yako. Yeye haoni kitu, leza yake inagonga wingu, wewe unaendelea kumwona.

Hatua ya 8: Sasa endesha, na ujifunze kutumia mwinuko

Udereva wenyewe ni rahisi. Kigumu ni kusimama mahali sahihi. Zoezi hili lifanye kwenye ramani tupu, bila adui, ukirudia kilima kile kile:

1. Panda taratibu kutoka nyuma ya mwinuko. Simama pale ambapo kamanda peke yake ndiye anaona upande wa pili. Kifaru chote bado kimefichika. Chagua shabaha ukiwa hapa.
2. Sogea mbele kidogo kidogo mpaka darubini ya mpiga mzinga ione shabaha. Simama.
3. Angalia mzinga, usiangalie darubini.
4. Piga. Risasi moja, isizidi mbili.
5. Rivasi moja kwa moja mpaka upotee, halafu kata kando mita mia au zaidi, uchomoze penginepo.

Namba 3 imeua wengi. Darubini ya mpiga mzinga iko juu kuliko mdomo wa mzinga. Unaweza kumwona adui vizuri kabisa, leza ikasoma vizuri, ukafyatua, na risasi ikalipua udongo mita kumi mbele yako kwa sababu mdomo bado uko nyuma ya kingo. Zaidi ya kupoteza risasi, umepiga ngoma na kurusha vumbi angani. Kwenye ardhi kavu vumbi hilo litakufunika hata wewe. Mwache kamanda aangalie kwa juu na kumwelekeza mpiga mzinga.

Vifaru pia havifanani hapa. M1 inaweza kuinamisha mzinga nyuzi 10 chini, Leopard 2 nyuzi 9, T-72 kama 6. Kwenye kilima kikali T-72 italazimika kutoa mwili zaidi ili ipate kulenga. Tena Leopard 2 hurudi nyuma kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa, ilhali T-72 hujikokota kama 4, mwendo wa mtu anayetembea. Mbinu ya kuchomoza na kurudi ni ya vifaru vya kwanza. Kwa T-72 chagua mahali ambapo hutahitaji kurudi.

Onyo: usisimame kileleni. Kifaru chenye anga nyuma yake huonekana kutoka kila upande. Simama mahali ambapo nyuma yako kuna miti au kilima kingine.

Hatua ya 9: Misheni ndogo, kisha kikosi

Anza na misheni ya kujilinda. Adui anakuja, wewe umejipanga. Misheni za kushambulia ni ngumu maradufu na gemu nyingi huziweka mwanzoni, sijui kwa nini. Kabla ya kuanza, fungua ramani, soma mistari ya kimo, weka alama kwenye sehemu tatu za kupigia na njia ya siri kati yao. Pima umbali kutoka kila sehemu hadi vitu visivyohama: njia panda, nyumba, ukingo wa msitu. Andika kwenye ile karatasi. Adui akifika njia panda tayari unajua ni mita 1,450.

Kikosi kije mwisho. Cha Marekani kina vifaru vinne, na kanuni inayotosha ni kwamba wawili wakisogea wawili wamesimama wakiangalia. Wape wenzako wa kompyuta mahali pa kukaa na upande wa kutazama. Ukiwapa mahali tu, watakaa wakitazama miti.

Mambo yanayokwama na jinsi ya kuyatatua

Risasi zote zinapita juu. Kwanza linganisha risasi iliyochaguliwa na iliyopakiwa. Ziko sawa? Basi leza inagonga kitu cha nyuma. Ishushe kwenye kiwiliwili.

Risasi zinapita kando na shabaha imesimama. Kuna hesabu ya kutangulia imebaki, ifute. Kama ni kifaru cha zamani, tazama kama umeegesha kiubavu kwenye mteremko. Mzinga ukilala upande, risasi huangukia upande huo, na vifaru visivyo na kifaa cha kupima mwinamo haviwezi kurekebisha.

Risasi inagonga na hakuna kinachotokea. Labda umepiga deraya ya mbele kutoka mbali. Labda pia wafanyakazi wake wamekwishauawa na kifaru kimebaki kimesimama. Si kila kifaru kilichokufa huwaka moto. Kikiacha kusogea na tareti ikaganda, mwongeze risasi moja kisha uhamie kwingine. Gemu ikiwa na mapitio ya baada ya pambano, fungua uone ilikoingia.

Mzinga umeinuka wenyewe na haunisikii. Uko ndani ya T-72, na mashine inapakia. Hupandisha mzinga kwenye pembe yake ya kupakilia, halafu hukurudishia. Subiri sekunde kama saba.

Darubini ya joto ni nyeusi. Zile za miaka ya 1980 huhitaji dakika kadhaa za kupoa kabla ya kutoa picha. Iwashe mwanzo wa misheni, usingoje adui.

Tareti inageuka kwa kujivuta. Umeme au mfumo wa kuigeuzia umepigwa, umebaki na mikono ya watu. Kama bado unaweza kutembea, rudi nyuma ya kilima na ugeuze gari zima kuelekea shabaha.

Kifaru hakiendi. Angalia breki ya kuegesha, kisha injini, kisha minyororo. Mnyororo ukikatika upande mmoja kifaru hujizungusha mahali pale pale. Usiendelee kukanyaga mafuta. Kwenye gemu zinazoruhusu matengenezo, simama kabisa ndipo yaanze.

Wenzangu wa kompyuta wanaona adui na hawapigi. Karibu kila mara amri ya kushikilia moto bado iko juu yao. Iondoe kwenye menyu ya kikosi.

Napigwa bila kumwona aliyenipiga. Rudia pambano hilo hilo, na safari hii usisogee kabisa kwa dakika tano za mwanzo. Kaa kwenye kiti cha kamanda, mahali palipofichika, uangalie tu. Kama bado huoni mtu, punguza ubora wa vivuli na uongeze umbali wa kuchorwa kwa vitu kwenye mipangilio ya picha, maana kwenye kiwango cha chini kompyuta nyingine huchelewa kuchora kifaru kilicho zaidi ya kilomita moja, na hakuna jicho litakalokiona kabla hakijachorwa.